Kama Ni Albamu ya Mwisho, Semeni Mapema

Mwaka 2022, kwa wiki tatu nzima, tulilipa shilingi 1,500 kwa saa ili watu wanne tusiambiane ukweli. Pesa hiyo inaniuma mpaka leo, kwa hivyo wacha nianzie hapo.

Bendi yetu ilikuwa ya panki, yaani roki ya kasi na kelele. Nyimbo za dakika mbili, miaka saba ya kupiga kelele popote Nairobi palipokuwa na soketi mbili na mwenye baa asiyejua amekubali nini. Mimi nilikuwa naimba na kupiga gitaa. Mazoezi tulifanyia Buruburu, kwenye kijumba cha uani kwa shangazi yake mpiga besi, kuta zote tumezibandika trei za mayai kama kila bendi isiyo na pesa. Na hapa nikuokoe kidogo: trei za mayai hazizuii sauti kutoka. Zinapunguza mwangwi wa ndani, tena kwa kiasi tu. Kinachozuia sauti ni uzito, yaani ukuta mnene, magodoro, blanketi nzito zilizopangwa tabaka juu ya tabaka. Sisi tulifundishwa hayo na jirani, alipokuja kugonga mlango mara ya nne.

Basi mwaka huo tukasema tunafanya albamu ya majaribio, yaani ya kujaribu sauti ngeni. Neno hilo lilitunogea sana, na kila mmoja alikuwa na sababu yake ya kulipenda ambayo hakuitaja. Mpiga gitaa wa pili alikuwa na viza ya Kanada mfukoni. Mpiga ngoma alikuwa anangoja mtoto wa kwanza. Mimi koo lilikuwa limeanza kunigomea. Nyimbo za kasi zinataka mazoezi, na mazoezi yanataka imani kwamba mwezi ujao bado mtakuwa pamoja. Ukiwa unafanya majaribio, waweza kufika studio mikono mitupu ukasema unatafuta sauti.

Tukatafuta. Tulirekodi ampu, kile kikuza sauti cha gitaa, ikilia peke yake kwa dakika 40. Tulirekodi gitaa tukaligeuza lisikike kinyumenyume. Kila kitu kilipochezwa kwenye spika, wote wanne tulitikisa vichwa tukasema "fiti". Hapo ndipo ningepaswa kushtuka. Sisi tuliwahi kununiana wiki mbili kwa sababu ya neno moja kwenye kiitikio, na sasa hakuna aliyekuwa na neno. Ukiona bendi ya panki imeacha kugombana, ujue watu wameshaanza kufunga mizigo.

Ukweli ulitoka kwenye kibanda cha chakula karibu na studio, juu ya chapati madondo, yaani chapati na maharagwe. Mpiga ngoma aliweka kijiko chini akasema, "Maze, hii si ndiyo ya mwisho?" Mpiga besi akacheka. Halafu akaona hatucheki. Viza ikatolewa mfukoni, kweli, ikawekwa mezani katikati ya sahani. Tulikaa pale mpaka mama wa kibanda akaanza kutuondolea sahani kwa makusudi.

Nimekulia kwenye muziki wa watu walioacha albamu kama hizo. Fugazi wa Washington DC walirekodi The Argument mwaka 2001, studio ya Inner Ear, wakaingiza chelo na mpiga ngoma wa ziada, na baada ya shoo za 2002 wakanyamaza bila hata kutangaza kwamba wamevunja bendi. Refused wa Uswidi waliweka sauti za elektroniki na jazi kwenye rekodi yao ya 1998, na mwaka huohuo bendi ikavunjika wakiwa ziarani Marekani. Sisi wasikilizaji tunazisikiliza rekodi hizo kama wosia. Nadhani hiyo ndiyo iliyotupotosha. Tulitaka kuandika wosia huku kila mmoja akimficha mwenzake kwamba kuna mgonjwa.

Kwa hivyo ushauri wangu wa kwanza, na kama una haraka waweza kuishia hapa: semeni kabla ya kulipia saa ya kwanza ya studio. Msingoje mpaka katikati, msiseme kwa ujumbe wa simu. Kaeni mahali penye chakula mseme.

Baada ya ile chapati mambo yalibadilika siku hiyohiyo. Tuliandika masharti nyuma ya risiti. Siku kumi. Nyimbo nane. Wimbo haurekodiwi zaidi ya mara tano. Na mpiga besi ndiye mwenye neno la mwisho kuhusu kinachobaki na kinachokatwa, kwa sababu ndiye pekee kati yetu aliyekuwa hana jambo la kuthibitisha. Msimpe kazi hiyo mwimbaji. Mimi ni mwimbaji, najua ninachosema. Yale ya wiki tatu za kwanza aliyasikiliza usiku mmoja akabakisha sekunde 50.

Sharti lililotuzalia matunda zaidi lilikuwa hili: kila wimbo uanze na sauti ya Nairobi ambayo hatukuitengeneza sisi.

Tukaenda Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali wanaogonga masanduku ya wanafunzi na majiko. Tulikuwa na kinasa sauti kidogo cha kuazima. Wengi huingia pale na maiki mkononi kama watalii, wakafukuzwa, na ni haki yao. Sisi tulinunua sanduku kwanza. Fundi akauliza tunataka nini tena.

"Tunataka kurekodi mkigonga."

"Kelele? Si mlete mwimbaji?"

"Mwimbaji ni huyu," mpiga ngoma akanionyesha.

Fundi akaniangalia juu mpaka chini. "Pole sana, kijana wangu."

Tulikaa pale tangu saa tatu asubuhi mpaka saa sita. Nilichotarajia ni fujo. Mafundi watatu wakigonga bati moja hawagongi kwa pamoja wala hawagongi ovyo. Kila mmoja anatia nyundo yake kwenye nafasi aliyoachiwa na mwenzake, maana akikosea anagonga vidole vya mtu. Kasi inapanda bati likikaribia kukunjika na inashuka wakiligeuza. Mpiga ngoma wetu alipojaribu kuifuata rekodi ile studio, akiwa amewekewa masikioni ule mlio wa kompyuta wa kuhesabia mapigo, ilikuwa aibu. Tukauzima ule mlio. Akasikiliza nyundo peke yake, akashindwa mara nne, na mara ya tano, ambayo ilikuwa ya mwisho kwa masharti yetu, akapata. Ukisikiliza kwa makini utasikia akicheka sekunde tatu kabla ya wimbo kuisha. Mpiga besi alikataa kicheko kile kikatwe.

Sauti nyingine tuliyoipata bure ilikuwa ya makanga wa matatu anayeita abiria, na hiyo ilinifundisha kuimba, kwa kuchelewa. Miaka saba nilikuwa napiga mayowe ya Kiswahili kwa mdomo wa Kiingereza. Kule maneno mengi yanafungika mwishoni, mlango unabamizwa. Maneno yetu yanaishia kwa irabu, mlango unabaki wazi, na ukiyasukuma kwa nguvu mpaka mwisho koo linachanika. Makanga anashinda kituoni kutoka alfajiri na jioni bado ana sauti. Kwa nini? Msikilize. Nguvu yote anaitia kwenye silabi ya mkazo, ile ya pili kutoka mwisho, halafu mkia anauachia uanguke wenyewe. Anarudia maneno mafupi mafupi: beba, beba, mbao Tao, mbao Tao, yaani shilingi ishirini mpaka mjini. Na anapopiga mwili wa gari kwa kiganja, pale ndipo anavuta pumzi. Niliandika upya mashairi matatu kwa kufuata hilo, nikawa napiga gitaa kwa kiganja kila nikitaka hewa. Ningelijua hilo mwaka wa kwanza labda hili koo lingekuwa zima.

Halafu orutu, fidla ya Waluo. Tulitaka chombo cha uzi, na chelo hatukuwa na njia ya kuipata. Binamu wa mpiga besi akatupeleka kwa mzee mmoja Kariobangi, mpigaji wa orutu wa miaka mingi. Nilikwenda na kifaa changu cha kupimia noti, nimejiandaa kabisa.

"Nikupe noti gani, Jaduong'?"

"Wewe imba kwanza. Mimi nitakupata."

Nikaimba. Akazungusha kigingi, akavuta upinde mara mbili, akanipata. Orutu ina uzi mmoja tu, na mzee huuvuta ukae pale sauti ya mwimbaji ilipo. Haimhusu kifaa changu kinasema nini. Siku ile sauti yangu ilikuwa katikati ya noti mbili za gitaa. Kosa la bendi nyingi ni kumlazimisha mgeni alingane na gitaa, au kumrekodi halafu kumnyoosha kwa kompyuta, na kinachobaki ni sauti ya mbu. Tulilegeza nyuzi zote, za gitaa mbili na za besi, mpaka zikamfikia yeye. Ilituchukua saa nzima, na ile elfu moja mia tano sijawahi kuijutia. Na mlipeni mgeni kabla hajatoa chombo mfukoni. Nauli ya kurudi pia ni yenu.

Kuna jambo moja hatukulipanga. Siku ya tisa, katikati ya wimbo wa mwisho, stima ikapotea. Ampu zikafa. Lakini kompyuta ilikuwa ya mkononi, ina betri, na kile kisanduku cha kurekodia, kinachounganisha maiki na kompyuta, kilikuwa kinapata umeme kutoka kwake, kwa hivyo maiki za ngoma na yangu ziliendelea. Mpiga ngoma hakusimama. Nami nikaendelea gizani bila gitaa. Baada ya dakika kama mbili jenereta ya jirani ikaanza kunguruma nje, na hata hiyo ikaingia. Stima iliporudi, ampu zikaamka na ule mvumo wake wa kawaida. Umeme wetu unakwenda kwa hezi 50, yaani mitikisiko 50 kwa sekunde, na noti ya G ya chini kabisa kwenye piano ina hezi 49. Yaani ampu mbovu Kenya inaimba karibu na G, juu kidogo. Kila bendi hupambana na mvumo huo. Sisi usiku ule tukapandisha gitaa kidogo tukaufuata, tukamalizia albamu juu yake.

Mambo ya kuchanganya sauti, jalada na kuiweka mtandaoni sitayaeleza, wengine wameyaeleza vizuri. Nitasema juu ya karatasi, maana hapo bendi zinazovunjika huaibika.

Tuliandika makubaliano ya ukurasa mmoja kabla ya mwenzetu kupanda ndege. Nani alitunga nini. Mapato ni robo kwa kila mtu, isipokuwa nyimbo mbili za orutu ambazo zinagawanywa sehemu tano. Mtu akitaka wimbo wetu kwa tangazo, wote waulizwe, na asiyejibu kwa siku 14 amekubali. Kipengele hicho cha mwisho kilitugombanisha saa mbili, kelele mpaka uani, na nilifurahi sana kukisikia kile kiasi cha ugomvi tena. Tumesajili kazi kwa Bodi ya Hakimiliki ya Kenya. Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya 2001, rekodi inalindwa miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka iliporekodiwa, na utunzi unalindwa miaka 50 baada ya mtunzi kufariki. Rekodi yetu ya 2022 itakuwa na mwenyewe mpaka mwisho wa 2072. Mtoto wa mpiga ngoma alizaliwa tukiwa tunamalizia. Atakuwa mtu mzima wa miaka 50. Ndugu zangu, urafiki wa bendi hauwezi kubeba miaka hiyo bila karatasi.

Jambo la kompyuta pia. Msiache kazi ndani ya programu ya studio pekee, kwa sababu miaka kumi ijayo programu hiyo huenda isifunguke. Toeni kila chombo faili lake la WAV, aina ya faili la sauti la kawaida, yote yakianza sekunde ya sifuri hata kama orutu inaingia dakika ya tatu, ili mtu yeyote aweze kuyapanga upya. Sisi tuna diski nne. Moja iko Kanada.

Shoo ya mwisho hatukufanya. Tulijadiliana, tukaona siku kumi zile zimetosha. Jumamosi moja tulirudi Buruburu kuhamisha vitu, na shangazi akasimama mlangoni, mikono kiunoni, akitazama kuta.

"Hizo trei mnazitoa?"

"Tunazitoa, shangazi."

"Zitoeni polepole zisipasuke. Nimenunua kuku."