Maswali yenu kuhusu kipimo cha TB cha damu

*Nauza dagaa Mwaloni Kirumba. Eti siku hizi TB inapimwa kwa tone la damu ya kidoleni?*

Kipimo kipo mama, ila bado kiko kwenye utafiti, usitegemee kukikuta zahanati ya mtaani kwako. Chenyewe hakimtafuti mdudu wa TB, kinaangalia mwili umempokeaje. TB ikianza kukusumbua chembe nyeupe za damu zinashtuka, jeni fulani (maagizo yaliyo ndani ya chembe) zinapiga kazi kupita kawaida na nyingine zinapoa, sasa mashine inahesabu RNA, yaani nakala za ujumbe zinazotoka kwenye hizo jeni. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walionyesha jeni 3 tu zinaweza kutoa picha: GBP5 na DUSP3 zinapanda, KLF2 inashuka. Tatu tu!

*Makohozi yana shida gani mpaka watoboe watu?*

Wewe mwambie mtoto wa miaka 3 ateme makohozi uone. Anakohoa, anameza, anakuangalia. Na wenzetu wengi wanaoishi na VVU makohozi yao yana wadudu wachache au hayatoki kabisa, hao ndo wanachelewa kugundulika na inaniuma sana, maana damu kila mtu anayo.

*Nikiwa na mafua makali si kitanidanganya?*

Kinaweza, umeuliza la maana. Virusi navyo vinaamsha baadhi ya jeni hizo hizo, ndo maana kinafikiriwa kama kipimo cha kuchuja. Mwaka 2014 Shirika la Afya Duniani (WHO) walisema kipimo cha kuchuja kinatakiwa kikamate angalau wagonjwa 90 kati ya 100, na wasio na TB kiwaachie angalau 70 kati ya 100, wanaokamatwa ndo wakapimwe zaidi. Halafu hakiwezi kukwambia kama mdudu wako ni sugu kwa dawa.

*Niko kambi ya wavuvi Ukerewe, nakohoa wiki ya 3, nisubiri hicho cha damu?*

Hapana kaka, usisubiri hata kidogo! Nenda kituo cha afya, kupima na dawa za TB ni bure. Asubuhi sukutua mdomo kwa maji, toka nje penye upepo mbali na wenzako, vuta pumzi ndefu, kohoa kutoka chini kifuani, mate matupu hayasaidii. Makohozi yakiwekwa kwenye mashine ya kupima TB ya GeneXpert hayafiki masaa 2 majibu yametoka, na inaonyesha kama rifampisini, dawa kubwa ya TB, itakufaa. Na hao mnaolala nao banda moja nenda nao.