Itoe hiyo chupa kwenye nyuzi 37 sasa hivi, Agro sio E. koli (ile bakteria ya kawaida ya maabara inayokuzwa kwa 37)

Mkuu umeuliza kuhusu kuingiza jeni kwenye mmea: uanze na tumbaku au nyanya, na asetosiringoni (kemikali ya kuiamsha bakteria) uweke kiasi gani, halafu katikati umepitisha kwamba chupa ya Agrobakteria, bakteria inayolibeba jeni hadi kwenye mmea, iko kwenye inkubeta ya 37 "iote chapchap". Itoe. Mwaga, anza upya na stoki ya friza, kwa 28.

Miezi minne yangu ilikwenda na maji hapo. Mwandamizi mmoja maabara aliniambia bakteria ni bakteria, weka 37, nikaweka. Nikakata majani ya tumbaku vipande vya duara, nikachovya, siku mbili gizani, nikahamishia kwenye midia yenye kanamaisini, antibayotiki inayoacha hai seli zilizopokea jeni tu. Vikaanza kupauka pembeni, wiki ya tatu vyeupe pe, chipukizi hata moja hakuna. Narudia, yaleyale. Na kinachouma, PCR (kipimo cha kutafuta DNA) ya bakteria inaonyesha jeni langu lipo!

Kumbe jeni unalohamisha liko kwenye plasmidi (kiduara cha DNA ndani ya bakteria) ndogo, ila mitambo ya kulihamisha, jeni za vir, iko kwenye plasmidi kubwa ya Ti. Jani likijeruhiwa linatoa kemikali kama hiyo asetosiringoni, protini ya bakteria iitwayo VirA inaihisi, inaiamsha nyingine, VirG, jeni za vir zinawaka, VirD2 inakata DNA mpakani na kubaki imeing'ang'ania, inasafiri nayo kwenye bomba la VirB hadi ndani ya seli ya mmea na kwenye kiini chake. Sasa Agro hizi za ukoo wa C58 ukizilaza 37 zinaweza kuitupa ile Ti na bado zikaota vizuri tu. Mzigo upo, gari hakuna! Hapo hata umwage asetosiringoni ndoo nzima.

Mimi nilitumia GV3101, Agro ya ukoo huo, yenye pMP90, ambayo ndiyo Ti yake, na nilikuwa naweka kanamaisini peke yake, ambayo inalinda ile ndogo tu. Ile kubwa inabeba kinga ya antibayotiki nyingine, jentamaisini. Siku niliyopaka kalcha yangu kwenye sahani mbili, baada ya siku mbili ya kanamaisini imejaa, ya jentamaisini haina hata doa. Nilikaa chini kabisa. Kumwonyesha yule bwana anajibu "kwani hukusoma?" Wewe si ndiye uliyeniambia!!

Na ukishachovya majani usivuke 25, AC ikizima chumba kikafika thelathini na kitu lile bomba haliungani vizuri.

Stoki yako ni ipi na umeweka antibayotiki gani? Andika hapa kabla hujakata jani lolote.