Jibu kwa mama wa kijana wa mwaka wa nane: ngumi ngojeni, chukueni daftari

Mama, pole sana. Umesema kijana wako wa miaka 14, hapa Goma, wenzake wanamwita "chukudu" kile kigari cha mbao cha kusukumia mizigo, kwa sababu ya kazi ya baba yake, wamemtoa kwenye kikundi cha WhatsApp cha darasa, na sasa kila asubuhi tumbo linamuuma. Baba anataka arudishe ngumi.

Ngumi itamponza. Mwalimu hugeuka akishasikia kelele, kwa hiyo huona ngumi ya pili, si ya kwanza. Wako ndiye atakayepigishwa magoti kwa direkta wa disiplini.

Leo jioni msikilize. Usimketishe mbele yako kama mshtakiwa. Muwe mnachambua maharagi pamoja, maneno yatatoka yenyewe. Usiulize "na wewe uliwafanya nini?" Mwahidi pia kwamba hutamnyang'anya simu, maana watoto wengi huficha matusi kwa kuogopa hilo tu.

Kisha daftari. Kila tukio mstari mmoja: tarehe, saa, mahali, nani, maneno yenyewe, nani aliona. "Jumanne, rekreasyo (saa ya mapumziko), nyuma ya vyoo, wawili walimwaga tope kwenye shati jeupe." Ya WhatsApp yapigwe picha ya skrini kabla hayajafutwa, jina na saa vionekane, naye asijibu. Baada ya wiki moja mara nyingi utaona mahali ni pale pale. Lakini kama wanampiga au wanamnyang'anya pesa, usingoje wiki, nenda kesho.

Nenda kwa titileri, mwalimu wa darasa lake, na ukurasa huo, kwa miadi, si mlangoni asubuhi. Omba vitu vinavyoonekana: abadilishiwe kiti, mtu mzima asimame upande wa vyoo saa ya rekreasyo, mkutane tena baada ya siku 10. Kataa aitwe pamoja na wanaomtesa "ili wapatane". Mbele yao ataapa kwamba hakuna kitu. Titileri akinyamaza, mwandikie prefe, mkuu wa shule, ubaki na kopi yenye mhuri. Taja Sheria ya Kongo 09/001 ya tarehe 10 Januari 2009 ya ulinzi wa mtoto. Kwa sheria hiyo kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto.

Jibu lake shuleni liwe fupi: "Hilo si jina langu," kisha aondoke kuelekea penye watu. Afanye mazoezi nyumbani akiwa amesimama, hadi sauti isitetemeke. Na baba ampeleke kwenye mzunguko wa Chukudu, waitazame pamoja ile sanamu ya rangi ya dhahabu. Mji huu umemheshimu mtu wa chukudu hadharani. Kijana alisikie hilo kutoka kinywani mwa baba yake.

Mtafutie pia kundi nje ya darasa, kwaya au timu, siku ile ile kila wiki. Rafiki mmoja wa kweli humbeba mtoto mbali.

Akisema amechoka kuishi, au akianza kugawa vitu vyake, usimwache peke yake. Ficha vidonge na dawa ya panya, mpeleke kwa daktari siku hiyo hiyo. Hapa Goma kuna Tulizo Letu, kituo cha magonjwa ya akili. Hata akisema alikuwa anatania, mpeleke.