Jibu: Kiarabu na Kiswahili kwenye skrini moja ya Android, na namna ya kutambua kilichopinda

Ndugu uliyeandika kutoka Iringa, habari za kazi. Umesema unatengeneza programu ya simu kwa ajili ya madrasa, yenye maelezo ya Kiswahili na matini ya Kiarabu, na kwamba mambo matatu yamekushinda: nukta ya mwisho wa dua inatokea mwanzoni, namba za simu za wazazi zinapinduka mtumiaji akichagua Kiarabu, na ulipoweka gravity="right" (sifa inayoegemeza matini kulia) kila mahali ili kurekebisha, kurasa za Kiswahili nazo zikahamia kulia. Nimepita njia hiyo hiyo hapa Mbeya, kwa programu inayofanana sana na yako, na nilipoteza karibu miezi miwili kwa sababu nilikuwa nikitibu ugonjwa mmoja kwa dawa ya mwingine. Ndiyo maana nitakujibu kwa kirefu.

Kabla hujagusa faili lolote, tenganisha mambo matatu ambayo macho huyaona kama jambo moja. La kwanza ni mwelekeo wa mpangilio, yaani kama skrini nzima inaanzia kushoto au kulia, na huu Android huutoa kwenye lugha iliyochaguliwa. La pili ni mwelekeo wa matini, yaani kama sentensi iliyomo ndani ya kisanduku kimoja inasomwa kutoka kushoto au kutoka kulia, na huu kwa kawaida hutokana na herufi zenyewe. La tatu ni ukingo ambao matini inauegemea. Gravity inagusa hilo la tatu tu. Nukta yako na namba zako za simu ni hitilafu za jambo la pili, kwa hiyo hata ungeweka right mara elfu, nukta isingerudi mahali pake. Ungebaki na nukta ile ile iliyopotea, safari hii ikiwa imeegemea kulia.

Jambo la kwanza nitalipita haraka, kwa kuwa lina kanuni chache na zinajulikana. Android ilianza kuunga mkono mpangilio wa kulia kwenda kushoto katika toleo 4.2 (API ya 17, yaani namba ya toleo kwa wasanidi), mwaka 2012. Hakikisha manifesti yako (AndroidManifest.xml, faili la utambulisho wa programu) ina android:supportsRtl="true", kwani isipokuwapo mpangilio hautageuka hata simu ikiwa katika Kiarabu. Kisha ondoa kila Left na Right kwenye pambizo, nafasi za ndani na vifungo vya ConstraintLayout (kipangaji cha vipengele vya skrini), uweke Start na End. Android Studio ina amri ya kufanya hivyo kwa mradi mzima, lakini pitia mabadiliko yake moja moja. Ikiwa unabadilisha lugha kutoka ndani ya programu yenyewe, tumia setApplicationLocales ya maktaba ya AppCompat, au kama msimbo wako ni wa zamani, setLocale ya Configuration, kwa sababu hiyo hubeba na mwelekeo. Ukiandika moja kwa moja kwenye kipengele cha locale, maneno yatabadilika na mpangilio utabaki ulivyokuwa.

Sasa nukta yako. TextView (kisanduku cha Android cha kuonyesha matini) isipoelekezwa vingine hutumia kanuni ya firstStrong: inatafuta herufi ya kwanza yenye mwelekeo wake yenyewe, na herufi hiyo ndiyo inayoamua mwelekeo wa matini yote. Tarakimu, nafasi, mabano na nukta hazihesabiki katika uamuzi huo. Kwa maelezo yako, unaunganisha neno "Dua:" na matini ya Kiarabu ndani ya TextView moja. Herufi ya kwanza yenye nguvu hapo ni D, basi matini yote imekuwa ya kushoto kwenda kulia. Maneno ya Kiarabu ndani yake yanapangwa sawasawa kutoka kulia, lakini nukta ya mwisho haina mwelekeo wake, inafuata wa matini nzima, inakwenda kukaa kulia kabisa, na hapo ndipo msomaji wa Kiarabu anapoanzia kusoma. Hakuna kilichoharibika, kanuni imefuatwa neno kwa neno. Tiba yake ni kuvitenga: "Dua" iwe na TextView yake, Kiarabu kiwe na yake. Pale ambapo lazima vikae pamoja, zungushia Kiarabu alama zisizoonekana za kukitenga, U+2067 mwanzoni na U+2069 mwishoni, nukta ikiwa ndani yake. Alama hizo ziliingia Unicode (kiwango cha kimataifa cha herufi za kompyuta) toleo la 6.3 mwaka 2013, kwa hiyo kama una simu za zamani sana za kuhudumia, kutenganisha TextView ndiyo njia ya uhakika zaidi.

Namba na tarehe ndizo zinazohitaji uangalifu mkubwa kuliko yote, nami nitakueleza yaliyonikuta ili usije ukamtendea mtu kama nilivyotenda. Programu yangu ilikuwa na ukurasa wa ratiba, na ustadhi aliyekuwa akiutumia aliweka simu yake katika Kiarabu. Tarehe ya mtihani niliiandika kwa kistari, siku kwanza kisha mwezi: 06-07, yaani tarehe 6 Julai. Kwenye majaribio yangu tarehe ilikuwa katika kisanduku chake peke yake na ilionekana vizuri. Baadaye niliunganisha na neno la Kiarabu lenye maana ya tarehe, likitangulia katika mstari mmoja, na sikuangalia tena. Ustadhi akapiga picha ya skrini na kuituma kwenye kundi la WhatsApp la wazazi. Mama mmoja alitoka Tukuyu na mwanawe kwa kosta ya alfajiri, katika baridi ya Juni, akafika madrasani tarehe 7 Juni na kukuta hakuna mtihani. "Ustadhi, si mmeandika wenyewe tarehe 7 mwezi wa 6?" Akafungua simu yake, na kweli picha ilionyesha 07-06. Ustadhi naye alishangaa, kwa kuwa yeye alikuwa ameisoma kutoka kulia pamoja na neno lililotangulia, na kwake ilikuwa sahihi. Niliumia sana siku ile, na mpaka leo kila nikiona kistari kati ya tarakimu nasimama.

Kilichotokea ni hiki. Katika kanuni za Unicode za kuchanganya maandishi ya pande mbili, tarakimu zinazotanguliwa na herufi ya Kiarabu huhesabiwa kuwa namba za Kiarabu, hata kama sura yake ni hii tunayoitumia sisi. Kistari huunganisha namba mbili pale tu zinapokuwa za aina ya kawaida. Kikiwa kati ya namba za Kiarabu kinabaki alama tupu, na kila namba inapangwa peke yake kutoka kulia. Mkwaju wa kawaida na nukta mbili havina ubaguzi huo, vinaunganisha namba zozote mbili za aina moja. Ndiyo sababu 06/07 katika mstari ule ule isingepinduka. Kwa programu ya madrasa, mfano ulio wazi zaidi ni rejea ya Aya. Andika jina la sura kwa Kiarabu, kisha 2:255-257. Utaona 257 imekaa kushoto, kistari, halafu 2:255 upande wa kulia. Nukta mbili imeshika, kistari kimeachia. Ukiliona hilo kwa macho yako mara moja, hutalisahau.

Namba za simu za wazazi zina shida iliyo jirani na hiyo. Namba haina herufi hata moja yenye nguvu, kwa hiyo TextView inachukua mwelekeo wa skrini, ambao katika Kiarabu ni kulia kwenda kushoto. Ukiwa umeandika +255 na kuacha nafasi kati ya makundi ya tarakimu, kila kundi linasomeka sawa ndani yake, lakini makundi yenyewe yanapangwa kutoka kulia: kundi la mwisho linakaa kushoto kabisa, 255 inakuwa kulia, na alama ya kujumlisha inaning'inia nyuma yake. Anayenakili namba hiyo kwa kalamu kutoka kwenye skrini atanakili namba isiyokuwapo.

Tiba ya yote mawili ni moja, nayo ni kuifunga data kabla ya kuiingiza katika sentensi:

val simuSalama = BidiFormatter.getInstance().unicodeWrap(simu)

Kifaa hiki kinaangalia mwelekeo wa data na mwelekeo wa mazingira, na vikitofautiana kinaweka alama zisizoonekana pande zote mbili. Namba na tarehe zisizo na herufi kinazichukulia kuwa za kushoto kwenda kulia, na hivyo ndivyo tunavyotaka. Kitumie kwa kila kitu kinachotoka nje ya faili lako la maneno (strings.xml): jina la mwanafunzi, namba, tarehe, anwani, rejea. Lakini kitumie wakati wa kuonyesha tu. Usihifadhi matokeo yake kwenye hifadhidata, wala usiyapeleke kwenye kitufe cha kupiga simu, kwa sababu zile alama zisizoonekana zitakwenda nayo. Kwa tarehe mimi nimekwenda mbali zaidi: siandiki tena mwezi kwa tarakimu, naandika jina lake, na hakuna mzazi aliyekosea tangu hapo.

Kama kisanduku kina namba ya simu peke yake, unaweza kuweka android:textDirection="ltr" (kushoto kwenda kulia; rtl ni kinyume chake) na kuachana na kufunga. Hapa pana mtego ambao sijauona ukielezwa vya kutosha. Gravity ya start katika TextView hufuata mwelekeo wa matini, haifuati wa skrini. Ukishaiambia matini kuwa ni ltr, start yake inakuwa kushoto, na katika ukurasa wa Kiarabu namba zako zote zitakimbilia kushoto wakati majina ya wazazi yako kulia. Ongeza android:textAlignment="viewStart", na matini itaegemea ukingo wa mwanzo wa skrini huku ikisomwa kwa mwelekeo wake. Sifa hiyo hiyo ndiyo jibu la orodha ambayo baadhi ya mistari inaruka kushoto na mingine kulia kwa kutegemea herufi inayoanza; na naamini ndiyo uliyokuwa ukiitafuta ulipoanza kuandika right kila mahali.

Mishale ya kurudi nyuma iwekee android:autoMirrored="true" kwenye faili la mchoro, lakini usigeuze saa, alama ya vema wala kitufe cha kucheza sauti. Kurasa za msahafu zinazofunguliwa kwa kidole ziweke kwenye ViewPager2 (kijenzi cha kurasa za kutelezesha) yenye layoutDirection="rtl", ili zifunguke kwa namna msomaji alivyozoea hata akiwa anatumia programu kwa Kiswahili; ViewPager ya zamani haina uwezo huo.

Yapo mawili ya kuonekana kwa matini ambayo hukuyauliza lakini yatakufikia. Irabu za Kiarabu zinazokaa juu na chini ya herufi hukatwa ukiweka kimo maalumu cha TextView au ukizima includeFontPadding ili kubana nafasi. Acha kimo kiwe wrap_content (kinachofuata ukubwa wa matini), ongeza lineSpacingMultiplier, na ujaribu kwa Aya yenye irabu nyingi, tena katika ukubwa wa herufi wa juu kabisa, kwa sababu wazee wanaosoma ndivyo wanavyoweka simu zao. Mimi natumia fonti ya Amiri, na kwayo nilihitaji nafasi kubwa zaidi kuliko fonti ya mfumo. La pili ni la upande wetu wa Kiswahili: tafsiri ya jina la sura ya pili ni Ng'ombe, na ile alama ya ritifaa ndani ya strings.xml inahitaji mkwaju wa nyuma mbele yake, au matini yote ifungwe kwa alama za kunukuu. Ukitafsiri majina ya sura, ni la pili tu tayari unakutana nalo.

Jambo jingine dogo lenye madhara makubwa: String.format ikiachwa itumie lugha ya simu, katika Kiarabu inaweza kutoa tarakimu za ٠١٢٣. Kwenye skrini ni sawa kabisa. Kwenye kiasi cha ada unachokihifadhi au kukituma kwenye seva si sawa, kwa hiyo huko ipe String.format Locale.ROOT, isiyofungamana na lugha yoyote.

Kuhusu majaribio, gonga namba ya toleo la mfumo mara 7 kwenye mipangilio ya simu ili kufungua chaguo za wasanidi, kisha washa ile ya kulazimisha mpangilio wa kulia kwenda kushoto. Hiyo inakuonyesha hitilafu za jambo la kwanza, na za namba za simu zilizo peke yake kisandukuni, kwa kuwa mpangilio unageuka lakini lugha haibadiliki. Za tarehe iliyotanguliwa na neno la Kiarabu hazitatokea mpaka uweke Kiarabu chenyewe. Mimi nina simu mbili nilizonunua zikiwa zimetumika hapa Mwanjelwa, moja ya toleo la zamani na moja ya karibuni, na zote ziko katika Kiarabu muda wote. Kila ninapoongeza ukurasa naujaza data mbaya kwa makusudi: jina la Kilatini ndani ya sentensi ya Kiarabu, tarehe yenye kistari, namba yenye +255, mabano mwishoni.

Ukimaliza kutenganisha ile TextView ya dua na bado nukta haijatulia, weka hapa faili la mpangilio wa mstari mmoja wa orodha yako pamoja na toleo la Android la simu unayojaribia, ukifuta namba halisi za wazazi, nami nitaipitia jioni nikitoka kazini.