Usikilize nini unapopaka rangi

Dada, unasema ukimya unakusinzisha na redio inakuvuruga mkono. Kwa uzoefu wangu, kinachovuruga ni maneno zaidi ya sauti. Mtangazaji akianza kuchambua mechi ya Simba na Yanga, brashi husimama yenyewe.

Basi unapopanga picha au kuchora macho ya mtu, weka muziki usio na maneno, au wimbo wa lugha usiyoijua. Ukifika kwenye kujaza usuli, yaani sehemu ya nyuma ya picha, kazi ya mkono tu, weka hata hadithi. Mimi hapo huweka taarabu asilia ya Zanzibar: nyimbo ndefu, fidla na ganuni (kinanda cha nyuzi nyingi), hakuna haraka. Ya mipasho hapana! Utabaki kusikiliza nani kasemwa.

Ila chagua kwa makini, maana muziki huingia kwenye picha. Mchoraji Mholanzi Piet Mondrian alipohamia New York mwaka 1940 alinogewa na boogie-woogie, muziki wa piano wenye mdundo wa kuchangamsha, akawa anapiga santuri zake studio. Mistari myeusi ya picha zake ikageuka vipande vya rangi vinavyorukaruka.

Na panga nyimbo za saa nzima kabla hujaanza, usije ukashika simu katikati ya kazi. Simu yangu ya zamani ilikufa kwa vidole vyenye rangi ya mafuta.