ULIZA SHANGAZI: Binti yangu anaenda kusoma Leicester, usalama ukoje huko?

SWALI: Shangazi habari za leo. Mie ni mama, niko Tanga, binti yangu amepata chuo Leicester, Uingereza, anaondoka Septemba. Nyumba nzima tulifurahi mpaka kaka yake alipoingia mtandaoni akaniletea orodha ya miji hatari ya Uingereza na Leicester imo, tena akanionyesha video za 2022, watu wamefunika nyuso wanafanya fujo barabarani. Na hizi habari za vijana kuchomana visu ndo usiseme. Usingizi sipati. Nimwache aende au tumtafutie chuo cha hapahapa? Na kama ni kwenda, akae mtaa gani? (Mama mwenye wasiwasi, Tanga)

JIBU: Njema dada yangu, na hongera ya binti. Mwache aende. Nimeanza na jibu kabisa manake mama ukiwa na hofu hutaki mtu akuzungushe, sasa ngoja nikueleze kwa nini nasema hivo, mimi ambaye nimeishi huku Midlands, ukanda wa katikati ya England ilipo Leicester, miaka mingi na wanangu wamekulia hapa.

Hizo orodha za miji hatari, mwambie huyo kaka mtu aziweke pembeni. Nyingi zinatengenezwa hivi, wanachukua makosa yote yaliyoandikwa na polisi wanagawa kwa idadi ya wakazi, basi, wanapanga miji kama timu za mpira. Leicester kwa sensa ya 2021 ina watu kama 368,000 hivi, lakini nenda Jumamosi pale katikati ya mji, Clock Tower na maduka ya Highcross, wamejaa watu wa miji na vijiji vyote vya jirani, wamekuja kununua vitu, kunywa, kuangalia mpira. Mtu wa Loughborough akiibiwa simu pale, au walevi wawili waliotoka Hinckley wakirushiana ngumi, kosa linaandikwa Leicester ila wao kwenye idadi ya wakazi hawamo. Kwa hiyo mji wowote wenye maduka na kumbi za starehe utaonekana mbaya kuliko kijiji ambacho saa 2 usiku watu washafunga milango.

Alafu uliza ni makosa gani. Kwenye takwimu za polisi wa huku kuna fungu la ukatili na makosa ya kingono, ndo fungu kubwa kuliko yote, ukiliona unatetemeka. Humo ndani wamechanganya mpaka mtu kusukumwa bila kuumia, mtu kutumiwa meseji za vitisho, mtu kufuatwafuatwa na mpenzi wa zamani. Sisemi ni madogo hayo, kufuatwafuatwa kunamnyima mtu amani kabisa, ila sio panga na damu kama unavyowaza ukiwa Tanga.

Na namba za polisi kupanda haimaanishi uhalifu umepanda. Mwaka 2014 takwimu za makosa yaliyoandikwa na polisi wa England na Wales zilivuliwa ile hadhi ya takwimu za taifa, yaani alama ya kuaminika, kwa sababu ilionekana makosa mengi hayaandikwi sawasawa, baada ya hapo wakabanwa, wakaanza kuandika vizuri, namba zikapaa. Kipimo kingine ni utafiti mkubwa ambao umekuwa ukifanywa tangu miaka ya 1980, wanawauliza wananchi wenyewe majumbani kama wameibiwa, wamepigwa, wamevunjiwa, hata kama hawakwenda polisi. Huo unaonyesha wizi wa kuvunja nyumba na ukatili vimeshuka sana tangu katikati ya miaka ya 1990. Kilichopanda kwelikweli ni wizi wa madukani, zaidi ya kesi 500,000 kwa mwaka 2024, huo hata ukiingia supermaketi unauona, nyama na jibini vimefungwa vidude vya kulia kengele. Kuhusu mauaji, England na Wales zenye watu milioni 60 hivi zilikuwa na chini ya 600 kwa mwaka ulioishia Machi 2024. Kila mmoja wa hao ana mama yake, siwachukulii kama namba tu, ila nataka upime hofu yako na ukubwa wa jambo lenyewe.

Visu vipo dada, sitakudanganya, na kuna wazazi Leicester wamezika watoto. Mara nyingi anayechomwa ni kijana wa kiume, na mara nyingi nyuma yake kuna ugomvi wa makundi au biashara ya dawa za kulevya. Binti anayetoka maktaba kwenda kwake sio yeye anayewindwa. Linalompata binti zaidi ni usumbufu wa wanaume usiku wa wikendi, au mtu anayemjua tayari, na hilo ongea naye mapema kama mama bila kuona haya, mwambie kwenye klabu au baa glasi yake asiiache mezani, na akiona mtu anamganda anaweza kwenda kaunta akamuulizia "Angela". Baa nyingi nchi nzima zinautambua huo usemi, watamtoa pale au watamwitia teksi bila maswali.

Hizo video za 2022 ni za kweli. Fujo zilianza baada ya mechi ya kriketi ya India na Pakistan, tarehe 28 Agosti, zikaja kuchacha wikendi ya tarehe 17 Septemba upande wa mashariki ya mji, Green Lane Road na Belgrave, vijana wa Kihindu na wa Kiislamu. Polisi waliletwa hadi kutoka mikoa mingine. Kilichoniuma zaidi ni uongo uliokuwa unasambaa kwenye simu, mfano kuna habari ya binti eti nusura atekwe, polisi wakachunguza wakasema haikutokea, lakini watu walishaipokea na kuituma mbele. Hakuna aliyeuawa, na kusini ya mji kwenye chuo kikuu cha Leicester wanafunzi hawakuwa ndo walengwa. Na hii Belgrave Road ndo ile yenye maduka ya dhahabu na sari, wazee wengi pale ni Wahindi waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, wakati huo halmashauri ya Leicester ilitoa tangazo kwenye gazeti la Uganda kuwaomba wasije, wakaja, mji ukasimama kwa jasho lao. Binti akienda kununua mihogo akaongea Kiswahili asishangae mzee akimjibu "karibu mama".

Sasa mtaa. Badala ya kuniuliza mimi, keti na binti mfungue tovuti ya polisi, police.uk, muandike postikodi ya ile nyumba mnayoitaka, yaani zile herufi na namba za anwani zinazoanza na LE1 (katikati ya mji), LE2 (Clarendon Park na Highfields), LE3 (Narborough Road). Inakuja ramani yenye viduara vyenye namba, ni makosa ya mwezi mmoja. Bonyeza kiduara, kinakuambia ni wizi wa baiskeli, ni gari, ni kelele na fujo. Jueni mambo mawili. Moja, alama haiwekwi mlangoni pa mtu, wanaisogeza kwenye sehemu ya karibu iliyopangwa tayari, kwa hiyo duka kubwa au maegesho yanaweza kuonekana kama jehanamu. Pili, msiangalie mwezi mmoja tu, rudini nyuma miezi kadhaa. Mkiona kuvunja nyumba kunajirudia mtaa uleule kila mwezi hapo mtafute kwingine, mkiona wizi wa madukani mwingi manake kuna maduka, hamna neno.

Mwaka wa kwanza akae hosteli ya chuo, hilo nalisisitiza. Kuna walinzi usiku na mlango wa kadi, na asije akamfungulia mlango mtu anayemfuata nyuma eti kasahau kadi. Nyumba za kupanga atatafuta mwaka wa pili akishaujua mji, na asilipe hata senti kwa nyumba ambayo hajaiona, matapeli wanaweka picha nzuri mtandaoni wanadai amana. Amana ya nyumba za kupanga England lazma mwenye nyumba aiweke kwenye mfuko unaotambuliwa na serikali ndani ya siku 30, amuombe uthibitisho.

Na umwandae kwa giza. Desemba jua linazama kabla saa 10 jioni, kipindi cha mwisho kikiisha ni usiku wa manane kwa macho yetu. Kuna njia ya miguu inaitwa New Walk, ina miti, haipiti magari, mchana utaipenda, ila usiku akiwa peke yake bora azunguke London Road kwenye taa na mabasi, vilevile asikatize Victoria Park. Simu iwe mkobani, sio mkononi anatembea anaangalia ramani.

Hatari kubwa zaidi kwa watoto wetu huku, na hii hakuna orodha inayoionyesha, inawafuata kwenye simu. Binti mmoja ninayemfahamu alipigiwa na mtu mwenye sauti ya upole, akamtajia jina lake lote na chuo chake, akasema anapiga kutoka uhamiaji, viza yako ina kasoro, ukikata simu tunatuma gari sasa hivi. Namba iliyotokea kwenye kioo ilikuwa namba halisi ya ofisi, manake wana namna ya kuiga namba. Alikaa kwenye hiyo simu amejifungia chooni analia, akahamisha ada yake. Uhamiaji hawakupigii kudai pesa, basi, hilo alijue kama jina lake. Akipigiwa akate, apige 159, atapelekwa moja kwa moja kwa benki yake, benki nyingi zimo. Na kama pesa imeshatoka awaambie benki dakika hiyohiyo, tangu Oktoba 2024 benki za Uingereza zinatakiwa kumrudishia aliyetapeliwa akahamisha pesa ndani ya nchi, mpaka pauni 85,000, ingawa wanaweza kukata pauni 100 na kuna masharti yake. Wengi hawasemi kwa sababu ya aibu, wanaogopa nyumbani watafokewa. Kwa hiyo dada, mwambie leo kabla hajapanda ndege kwamba likimkuta akupigie wewe kwanza na hutamfokea.

SWALI: Shikamoo shangazi. Niko Leicester, Highfields, nasoma na nafanya kazi wikendi. Kuna jamaa tunaswali naye anataka pauni 3,000 zipite kwenye akaunti yangu, alafu nimtolee, mie nibaki na 300. Anasema akaunti yake imefungwa kwa makosa ya benki. Kuna ubaya? (Kijana)

JIBU: Marahaba mwanangu. Ubaya upo na ni mkubwa, usikubali. Hizo ni pesa za mtu aliyetapeliwa, pengine ni ada ya binti kama huyo niliyemtaja juu, na wewe ndo jina lako linabaki kwenye karatasi, jamaa hayupo. Kisheria ni utakatishaji wa fedha, kifungo kinafika miaka 14. Hata usipofika mahakamani, benki inakuwekea alama inayoweza kukaa miaka 6, akaunti inafungwa, kupata nyingine ni shida, mkataba wa simu shida, mshahara wako unaingia wapi? Na viza yako unaijua. Mwenye pesa halali hatoi 300 bure kwa mtu wa kupitishia.

Kama tayari ulishampa namba za akaunti na pesa zimeingia, usizitoe, usimrudishie yeye, wapigie benki uwaeleze ukweli wote. Akianza kukutisha, nenda polisi, na kama unaogopa jina lako lijulikane piga Crimestoppers 0800 555 111, hao sio polisi, ni shirika la hisani, hawakuulizi jina. Najua sisi tumezoea kumkwepa polisi, ukiona gari lao unabadilisha njia. Huku polisi wengi hata bunduki hawana, na ukienda kuripoti hamna anayekudai cha soda.

SWALI: Shangazi, dadangu aenda Uingereza mwezi ujao, nimemnunulia ile spray ya pilipili ya kujikinga. Aweke kwenye begi kubwa ama la mkononi? (Msomaji, Mombasa)

JIBU: Asiweke popote kakangu, baki nayo huko. Uingereza spray ya pilipili ni silaha iliyopigwa marufuku kwenye sheria ya silaha ya 1968, kuwa nayo tu ni kosa, hata kama hajamgusa mtu, atashikwa uwanja wa ndege kabla hajaona theluji. Kisu nacho asitembee nacho eti cha kujilinda, ni mpaka miaka 4 jela. Cha jikoni ataruhusiwa kununua akionyesha ana miaka 18, akibebe kwenye pakiti yake moja kwa moja mpaka nyumbani.

Mnunulie king'ora kidogo cha kuning'iniza kwenye funguo, ukivuta pini kinapiga kelele mtaa mzima unatoka, hicho ni halali na bei yake ndogo. Alafu aandike kwenye simu 999 kwa dharura, 101 kwa yasiyo ya haraka kama baiskeli iliyoibiwa jana. Na akipiga 999 kwa simu ya mkononi akashindwa kuongea kwa sababu mtu yuko karibu, akohoe au agonge simu, akiambiwa abonyeze 55 abonyeze, ataunganishwa na polisi. Ila hiyo 55 haiwaambii alipo, kwa hiyo akishaunganishwa asikilize maswali yao na ajibu vyovyote awezavyo, hata kwa kugonga.