Maswali ya Wasomaji: Gari la Kijapani lenye mbio lisilojitangaza

SWALI: Bwana Mhariri, mimi ni mfanyabiashara wa hapa Lubumbashi, na kazi hunipeleka Kolwezi mara kwa mara. Ninakusudia kuagiza kutoka Japani gari la starehe lenye nguvu ya kweli, lakini lisilonyooshewa kidole. Sitaki wateja waseme kwamba faida yangu ndiyo iliyolinunua, wala kila polisi wa barabarani aone sababu ya kunisimamisha. Rafiki zangu wanabishana kati ya Toyota Aristo yenye turbo, Mark X na Crown. Lipi lingenifaa?
Msomaji wa Kampemba

JIBU: Ndugu msomaji, chukua Crown, na hasa Crown Athlete ya lita 3.5, iwe ya kizazi cha S180 iliyoanza kupewa injini hiyo mwaka 2005, iwe ya S200 iliyoifuata. Jina la Crown liko sokoni tangu 1955, na huko kwao huendeshwa na wakurugenzi wa makamo na polisi wa doria. Kwa hiyo hata toleo la wenye haraka lilitengenezewa umbo la heshima. Asiyejua magari ataona gari la mzee anayekwenda kanisani. Chini ya kapo, hata hivyo, kuna injini ya V6 iitwayo 2GR-FSE, yenye nguvu za farasi 315.

Rafiki zako wanaoitetea Aristo wana hoja moja nzito, nami sitaificha. Lubumbashi iko takriban mita 1,200 juu ya usawa wa bahari, na Kolwezi iko juu zaidi. Hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa zaidi ya asilimia 10, na injini isiyo na turbo, yaani pampu ya kuisukumia hewa zaidi, hupoteza nguvu kwa kadiri hiyo hiyo, hata zile farasi 315 za Crown zikabaki kama 280 hivi. Aristo yenye turbo, iitwayo V300, iliandikiwa farasi 280, kwa kuwa hadi 2004 watengenezaji wa Japani walikuwa na mapatano ya kutotangaza zaidi ya hapo, na turbo zake mbili hurejesha sehemu kubwa ya kile ambacho mwinuko unakipunguza. Kwa hesabu tupu, Aristo ingeshinda. Lakini ilikoma kutengenezwa katikati ya miaka ya 2000. Mipira yake imekauka, turbo zake zimechoka, na zile chache zilizotunzwa vizuri zinagombewa na wakusanyaji wa magari wenye pesa kuliko mimi na wewe. Mark X ya lita 3.5 ina injini ya ukoo ule ule na haina kosa kubwa, ila vijana wamekwisha kuipamba kwa mabawa na mabomba ya kelele, nawe umesema hutaki kutazamwa.

Usishawishike kuchukua Crown ya lita 2.5 au 3.0 kwa kuwa ni nafuu. Injini hizo, 4GR-FSE na 3GR-FSE, hunyunyiza esansi moja kwa moja ndani ya silinda tu, kwa hiyo vali za kuingizia hewa haziogeshwi na mafuta na hujaa masizi kadiri miaka inavyopita, mpaka gari linatetemeka likiwa limesimama. Ile ya 3.5 ina vinyunyizio vya aina mbili, vya ndani ya silinda na vya kwenye njia ya hewa, na hivi vya pili huziosha vali. Nembo ya nyuma hubandikwa na yeyote, kwa hiyo soma namba ya chesisi: GRS184 kwa kizazi cha S180, GRS204 kwa cha S200. Omba pia karatasi ya mnada, yaani ripoti ya ukaguzi wa gari kwenye mnada wa Japani; alama ya R inamaanisha gari liliwahi kugongwa likatengenezwa, na herufi S kwenye mchoro wa bodi inaonyesha kutu, jambo la kawaida kwa magari ya Hokkaido ambako barabara humwagiwa chumvi wakati wa theluji. Kanuni zetu za umri wa gari na za upande wa usukani huhitaji kuulizwa kwa deklaranti, yaani wakala wa forodha, kabla ya kutuma pesa, naye akujibu kwa maandishi.

Linalonitia wasiwasi katika barua yako si mbio zenyewe. Sisi tunaendesha upande wa kulia, na usukani wa Crown uko kulia, kwa hiyo ukiwa nyuma ya lori la shaba katika njia ya Likasi unakaa upande wa majani na huoni kitu mpaka nusu ya gari imetoka. Wengi humtegemea abiria aseme «pita». Mimi abiria huyo simwamini. Baki nyuma sana, mahali unapoweza kuona mbele kwenye kona, kisha zitumie zile farasi kwa sekunde chache. Taa za Japani nazo huelekeza mwanga kushoto, yaani machoni pa anayekuja, basi fundi azirekebishe kabla hujasafiri usiku.

SWALI: Je, fundi anaweza kuhamishia usukani wa Crown upande wa kushoto?
Msomaji wa Katuba

JIBU: Anaweza, lakini sikushauri. Kazi hiyo inagusa mfumo wa usukani, pedali na pampu ya breki, nyaya, dashibodi na mifuko ya hewa, na kosa dogo halitaonekana mpaka siku ya breki ya ghafla. Anayetaka usukani wa kushoto wa kiwandani atafute Lexus GS 350 ya 2007 hadi 2015, iliyouzwa Marekani. Injini yake ni ile ile 2GR-FSE. Nembo ya Lexus itatazamwa zaidi, lakini dereva ataona barabara.